Sweta la Bibi Perepetua

Tulimzika Silvesta kule Mkolani, siku ya mvua, na pamoja na kelele zote zilizokuwapo mimi nasema tulimzika kimya. Palikuwa na turubai, palikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, palikuwa na kijana wa kipaza sauti aliyetuamuru lini tusimame na lini tukae, na ukutani walitundika shuka jeupe ambalo picha za marehemu zilipita juu yake huku muziki ukilia. Lakini hakuna aliyevaa koti lake. Hakuna aliyepita katikati ya wafiwa akikohoa kikohozi chake, akipandisha suruali kama alivyokuwa akiipandisha, akimuuliza mjane kwa nini chai imechelewa. Nilimwendea yule kijana. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, bibi." Nikamjibu, "Marahaba. Naomba koti la marehemu." Akauliza, "La nini, bibi?" Nikasema, "La kumwigiza." Akatazama saa yake. "Ratiba imebana, bibi yangu. Labda kwenye arobaini." Nikarudi kuketi. Tangu siku hiyo situlii. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, nafika dirishani nikasahau nilichofuata, na usingizi ukija unanikuta nimekwisha kuamka. Ndiyo maana nimemwita mjukuu wangu Pendo aketi hapa na kalamu. Mimi sikwenda shule hata siku moja, kwa hiyo yeye ataandika na mimi nitasema, na ataandika ninachosema, si anachodhani nilitaka kusema.

Habari za wazazi wangu hazihusiki. Walikuwa watu wa Majita, walilima, walivua, walikwenda kanisani, walikufa. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule ambao kinu chetu cha pamba pale Mwanza kilikuwa kikisubiri mnunuzi. Asiyekuwapo hawezi kujua uchovu wa kusubiri kuuzwa. Mashine zilikuwapo, sisi tulikuwapo, na kila gari geni lililoingia getini lilitufanya tuchungulie. Zamani kinu kilikuwa na kundi lake la sanaa, kama vilivyokuwa viwanda vingine. Tulicheza ngoma, tuliimba, tuliigiza michezo ya kuwasema wavivu na walevi, na wakubwa walipokuja kututembelea tulipikiwa pilau. Mambo yalipokuwa ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, pilau lilikoma. Mitumba ikamwagwa barabarani, redio kaseti zikalia kila kibanda, na pale Buzuruga likafunguliwa banda la video ambako watu walitoa pesa zao kutazama Wachina wakipigana mateke. Meneja alituita akasema jina la kinu tunaweza kuendelea kulitumia, lakini kinu hakitatulisha tena. Silvesta, aliyekuwa mpima mizani na kiongozi wetu wa maigizo, alitoka nje ya ofisi ile akapandisha suruali yake, akasema, "Basi. Hatuna bosi tena, tuna watazamaji. Na mtazamaji ana hasira kuliko bosi."

Yeye hakutupa maandishi ya kukariri, maana wengi wetu yasingetufaa kitu. Alitusimulia hadithi tukiwa tunakula, kisha alimnyooshea kila mmoja kidole. "Wewe ni mlevi. Wewe ni karani. Nyangeta," yaani mimi, "wewe ni mama mkwe. Nendeni Buzuruga mniletee watu." Maana yake tuzunguke stendi, sokoni, kliniki, popote, hadi tumpate mlevi hasa au karani hasa, tumtazame, tumsikilize, turudi naye mwilini. Aliyerudi na kelele zake mwenyewe alirudishwa stendi. "Huyo ni wewe umevaa kofia," alikuwa akisema. "Mimi nilikutuma mtu." Nami alinitoa msibani. Kwetu mtu akishazikwa, mtani wake, yaani mtu wa ukoo ule mnaotaniana nao tangu mababu, huvaa nguo ya marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa, mwendo wake, sauti yake, ubahili wake, mpaka waliokuwa wakilia wacheke. Huko ni kumsindikiza. Asiyeigizwa huondoka kama mgeni ambaye hakuna aliyemfikisha hata kwenye kona ya njia. Silvesta aliniona nikimwigiza mfanyakazi mwenzetu mmoja, akasubiri nivue nguo ya marehemu, akaniambia, "Kumbe tunaye mwigizaji na tunampa ufagio."

Wakati ule sikuwa nimefikisha miaka thelathini, na kila mchezo nilikuwa bibi. Wenzangu walikuwa maharusi, manesi, wasichana wanaogombewa; mimi nilipakwa unga kichwani. Nilikwisha kuchoka. Nilitaka jambo moja mwaka ule, nililitaka hadi chakula kikanishinda: kuonekana kwenye video. Palikuwa na kijana mmoja Mhaya, Remijius, msomi, aliyezunguka na kamera begani akipiga harusi za watu. Alituambia Dar es Salaam televisheni zimeanza na zinatafuta michezo. "Wanataka sura," alisema, "na sura hazijui kama kinu kimeuzwa au hakijauzwa." Silvesta alimtania, "Mhaya bwana! Ukimuuliza njia ya sokoni, anakupitisha Ulaya." Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu kwamba kinu kikipata mnunuzi, mfagiaji ndiye atakayeondoka wa kwanza, na kwamba kamera ile ndiyo mlango pekee niliouona wazi.

Nilipanga chumba Mkolani, katika nyumba ya matofali ya udongo ambayo kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo jirani akigeuka kitandani unajua amelalia ubavu gani. Upande wa pili aliishi mama mmoja, Anastazia, muuza dagaa. Mvua za mwaka ule zilipoanza alimleta mama yake kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kutibiwa macho. Huyo ndiye Bibi Perepetua. Kabla sijamwona nilimsikia. Alikuwa akiuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mwingine hajafumbua mdomo. "Maji yamechemka? Hayajachemka. Umeweka chumvi? Hukuweka." Anastazia alisema, "Mama, ngoja nijibu basi." Na yeye akasema, "Utajibu lini? Kesho kutwa?" Nilipoitwa kula nao, maana alipogundua mimi ni wa ukoo wa watani wake alinitukana kwa furaha na kuniwekea sahani, nilimwona akila nusu amekaa, nusu amesimama, mkono mmoja kwenye ugali wa muhogo na mwingine umeshika fundo la kanga mgongoni, kama mtu anayeogopa kuachwa na chombo. Wenzake walipokuwa bado wanachambua miiba ya sato, yeye alikwisha kunawa na kuwa mlangoni, anapapasa fremu ya mlango juu hadi chini, anatazama nje. "Ule ni mti gani? Mpera. Wale watoto wa nani? Wachafu." Kisha hurudi, hukuta nimekalia kigoda chake, husema, "Nani amekalia kiti changu? Mla ngozi wa Majita." Nami humjibu kwamba kwao Ukerewe hata ngozi hawaipati. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa chai, tukatukanana, mvua ikapiga bati.

Usiku nilipokuwa peke yangu niliurudia mwendo wake, chumbani humo humo, nikiwa pekupeku ili asinisikie. Sikutumwa Buzuruga safari ile. Mtu wangu aliletwa ukutani. Dawa za macho zilipokwisha, na daktari alipokwisha kusema aliyoyasema, alirudishwa Nansio. Asubuhi ya kuondoka alivua sweta lake la buluu, lenye vifungo visivyofanana hata viwili, akanitupia. "Chumba chako kina baridi. Unalitaka? Unalitaka." Nililivaa jukwaani. Mama mkwe yule, akitoka nyuma ya pazia na mkono mgongoni, akila nusu amesimama, akijijibu mwenyewe, aliwaangusha watu wa Mwanza vitini. Walikuja wakarudia kuja. Remijius alikuja na kamera, akatazama, akashusha kamera bila kupiga. "Dada Nyangeta," aliniambia, "nikimpata huyu bibi kwenye kanda, na watu wakimcheka hivi, Dar watakuita." Tulikuwa na safari ya kwenda kuonyesha Nansio. Akasema atakuja nasi melini.

Sasa Pendo aandike hili polepole, kwa kuwa hata leo wapo wanaolisimulia upande upande. Ukumbi wa parokia ulijaa tangu mchana. Waliokosa viti walipanda madirishani. Mimi nilikuwa nimefikiri jambo la kijinga na la kweli: kwamba kama watu wasiomjua Perepetua wamecheka vile, wanaomjua watacheka zaidi. Nikatoka nyuma ya pazia katika sweta la buluu, mkono mgongoni, nikapapasa fremu ya mlango wa kuigiza, nikasema, "Nani amekalia kiti changu?" Hakuna aliyecheka. Niliwaona watu wa mbele wakilitazama sweta, wakaitazama sura yangu, wakanong'onezana jina la ukoo wangu. Walichokiona wao hakikuwa mchezo. Walimwona mtani wa Perepetua, aliyetoka Mwanza kwa meli, amevaa nguo ya Perepetua, anatembea kama Perepetua. Kwa mila yetu hilo lina maana moja tu. Mama mmoja wa kiti cha mbele aliweka mikono kichwani. "Yoo! Perepetua ametutoka!" Kilio kikashika safu ya pili, kikaruka madirishani, kikatoka nje. Ukumbi ukamwagika kama gunia lililopasuka. Silvesta alikimbilia mlangoni akipiga kelele, "Ni mchezo, jamani! Ni mchezo!" na mzee mmoja akamjibu kwa ukali, "Nyamaza, Msukuma! Mtu amekufa, wewe unasema mchezo!" Remijius alikuwa amepiga goti, jicho kwenye kamera, anasema, "Endelea, endelea," mpaka alipobaki peke yake na viti.

Yaliyotokea nyumbani kwa Perepetua nilisimuliwa na wengi, nao wote walisimulia sawa. Alikuwa uani anamenya muhogo kwa kupapasa. Alisikia kilio kinakuja njia yake, akasimama na kisu mkononi. Kundi likaingia likilia, likamwona, likasimama. "Nani amekufa?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza hakujijibu. Akauliza tena, hadi mke wa jirani akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe, bibi." "Mimi? Na mbona sikuambiwa?"

Aliletwa ukumbini ameshikwa mkono. Nilikuwa bado nimesimama palepale jukwaani. Wazee walikuwa wakisema nimeleta uchuro, kwamba anayemvalia mtu aliye hai nguo za msiba amemchimbia, na kwamba kundi letu lisiondoke kisiwani kabla jambo hili halijasafishwa. Perepetua alinifikia, akapapasa sweta, akakipita kifungo kimoja kimoja kwa vidole. Hapo ndipo nilipojua alichokuwa amesema daktari wa Mwanza. Macho yalikuwa yamekwisha. "Sweta langu," alisema. Kisha akawageukia wazee. "Nyie mlioanza kulia mmemaliza? Hamjamaliza. Kaeni. Nataka kusikia nilivyo." Akaketishwa mbele. Nikacheza mchezo mzima, mbele ya watu waliokaa kama wako mahakamani, na mwenye mwili akiwa ameinamisha kichwa anausikiliza mwendo wake juu ya mbao. Nilipomaliza aliniita chini.

"Mguu umeupata," alisema. "Nimeusikia. Sauti umeiiba, mwizi wewe. Lakini unanicheza kama mtu mwenye hasira. Mimi nina hasira? Sina. Mimi nilikuwa na haraka." Akanivuta karibu, akasema kwa sauti ya chini kwangu peke yangu, "Waliponiambia yanafunga, nilitaka kuviona vitu kabla havijafungwa. Mpera ule. Wale watoto. Chakula nitakula hata gizani." Kisha akapandisha sauti, wazee wasikie. "Huyu ameanza matanga yangu kabla yangu. Hatatoa mbuzi wala kuku. Atayamaliza. Siku yangu ikifika utakuja, Nyangeta? Utakuja. Na uje na hilo sweta." Hapo ndipo watu walipocheka, na mimi nikalia, kinyume cha utaratibu wote.

Remijius alipeleka kanda Dar es Salaam. Mimi nilirudi kufagia kinu na kusubiri, na kusubiri kule kulikuwa kama kuwashwa mahali mkono usipofika. Niliucheza tena ule mchezo Mwanza, safari hii kwa haraka bila hasira, na watu walicheka kidogo kuliko zamani, lakini mwisho wake walikuwa hawataki kuondoka. Silvesta alinitazama akasema tu, "Sasa umeleta mtu." Baada ya mavuno ya pamba Remijius alikuja mbio hadi getini. Walikuwa wanamtaka yule bibi. Walidhani ni bibi kweli. Walipoambiwa umri wangu walimtaka zaidi. Mchezo ungerekodiwa kwa wiki nyingi, ningelala kwa dada yake Remijius, tiketi ya treni ilikwisha kukatwa. Siku iliyotangulia safari nilikuwa chumbani nafunga mzigo, Anastazia yuko upande wake anasonga ugali, redio yake inasoma matangazo ya vifo kama ilivyosoma kila mchana. Nilisikia "Nansio". Nilisikia "Perepetua". Mwiko ulianguka upande wa pili. Sauti ya redio ikaendelea kutaja waliopaswa kupata habari, watoto, wakwe, wajukuu, na mwisho kabisa ikasema, "na mtani wa marehemu, Nyangeta wa Kundi la Kinu, Mwanza, popote alipo." Hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina langu redioni kabla ya siku ile. Nilivuka upande wa pili nikamshika Anastazia, ugali ukaungua.

Remijius aliponikuta na sweta mkononi alielewa, na hakukubali. "Dada, mazishi ni kesho, treni ni kesho. Treni haisubiri maiti." Nikamwambia, "Maiti naye hasubiri treni." Akasema, "Una kipaji, dada. Utakizika na kikongwe wa watu?" Hakuwa mtu mbaya, alisema alichokiamini, nami nusu yangu iliamini pamoja naye. Nilikwenda kwa Silvesta. Nilitaka anikataze kwenda Nansio, ili nimchukie na nipande treni. Alikuwa anakula, hakuacha. "Mimi sikupeleki, wala sikuzuii," alisema. "Ila nilikufundisha kuleta mtu. Sikukufundisha nusu ya pili kwa sababu hujaniuliza. Mtu akishaletwa, hurudishwa." Akanisogezea sahani. Sikula. Asubuhi nilipanda meli ya Nansio pamoja na Anastazia, na kutoka majini niliutazama mji ukirudi nyuma, stesheni yake ikiwa humo ndani, nikakaa, nikasimama, nikakaa, hadi abiria mmoja akaniuliza kama naumwa.

Tulipotoka makaburini nililivaa sweta. Wafiwa walikuwa wameketi chini, Anastazia katikati yao, amelia hadi sauti imekwisha. Nikapita mkono mgongoni. Nikapapasa fremu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, juu hadi chini. "Mmekwisha kunizika? Mmekwisha. Mmekula? Hamjala. Mnasubiri nini, niwapikie?" Mtu mmoja akaguna. Nikachukua tonge nusu nimekaa, nusu nimesimama, nikaenda mlangoni na tonge mdomoni, nikatazama nje. Sikuwa nimepanga nitakachokiona. Nikasema, "Ule ni mti gani? Mwembe. Wale ni watu gani? Wangu." Nikawataja kwa majina mmoja mmoja, kwa haraka, kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba mvua ikija, na kila niliyemtaja aliinua uso. Nilipofika kwa Anastazia nikamuuliza, "Umeweka chumvi? Hukuweka." Akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kama mtu aliyepaliwa, akajifunika kanga usoni, akacheka hadi wengine wote wakamfuata. Sikucheza vizuri kuliko siku ile, kabla wala baada, na hapakuwa na kamera.

Nafasi yangu Dar es Salaam alipewa msichana wa kule kule, akapakwa unga. Niliuona mchezo ule kwenye banda la Buzuruga: msichana alikuwa na hasira kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu walimpenda. Kinu kilipata mnunuzi, nami nikaondoka wa kwanza kama nilivyojua. Niliuza dagaa na Anastazia, nikaigiza harusini, kwenye kampeni za afya, jukwaani, na miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa bibi bila msaada wa unga, wenye video walikuja wenyewe mlangoni. Mmeniona kwenye kioo: mama mkwe, mganga, bibi wa kijiji, yule anayeingia kidogo na kutoka. Kila mmoja nilimtoa kwa mtu, na mtu huyo alipofariki, nikiambiwa, nilikwenda. Wote nimewarudisha isipokuwa Silvesta, ambaye kikohozi chake nilikiweka ndani ya wazee wanne. Koti lake nililiomba kwa mjane wiki iliyopita. Liko pale kwenye msumari. Arobaini yake nitakwenda nalo, na ratiba itabana vizuri.

Limebaki neno moja, nalo ni la Pendo, kwa hiyo aliandike bila kutabasamu. Mjukuu ni mtani wa bibi yake. Haki hiyo hakuna anayeweza kumnyima. Nimekusikia jikoni ukiwachezea wenzako, unakunja kanga kama ninavyoikunja, unawaambia waandike wanachosikia. Mguu unaukosea, mimi naburuta wa kushoto. Na unanicheza kama mtu mkali. Mimi si mkali. Nilicho nacho sitakuambia. Katafute mwenyewe, kama tulivyokuwa tukitumwa Buzuruga. Gauni ni lile la kijani, lenye mifuko. Usilivae mapema.